Kugandisha mtindi nyumbani bila kuwaua bakteria wake

Mtindi wenye faida tumboni, na ambao watu wanauliza kama unapunguza uvimbe wa ndani ya mwili, ni ule ambao bakteria wake wako hai, na wengi tunawaua wenyewe jikoni bila kujua, sasa ntaeleza mie ninavyofanya hapa Wete.

Nunua lita moja ya maziwa freshi kwa muuzaji unaemuamini, ukifika nyumbani yachemshe mpaka yafure, usione uvivu hapo maana maziwa mabichi yanaweza kukupa homa ya brusela. Epua, subiri. Hapa ndo watu wanapoharibu, wanatia mtindi wa jana wakati maziwa bado ya moto na bakteria wote wanakufa. Osha mkono, chovya kidole, ukihesabu mpaka kumi bila kukitoa basi tayari, mwenye kipimajoto ni nyuzi 43 hivi. Chota vijiko viwili vitatu vya mtindi wa jana usio na sukari, uvuruge kwanza kwenye kikombe na maziwa kidogo mpaka mabonge yaishe, halafu mimina kwenye maziwa yote, funika, zungushia kanga mbili tatu, acha usiku kucha na usiende kuchungulia. Asubuhi ukiinamisha bakuli utaona umeshikana kipande kimoja, na maji ya manjano yamejitenga pembeni, hayo usiyamwage.

Usiupashe moto tena. Ule tunaopikia biriani ladha inabaki, bakteria hawabaki.

Kuhusu uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usioshikika kwa mkono: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa utafiti wa watu wazima 36 wenye afya, kundi moja likala vyakula vilivyochachushwa kama mtindi, kefiri (maziwa yaliyochachushwa) na kimchi (mboga za kuchachushwa za Korea) kwa wiki 10, aina za bakteria tumboni zikaongezeka na protini 19 zinazoonyesha uvimbe kwenye damu zikapungua. Lakini walikula kama mara sita kwa siku, kwa hiyo usitegemee bakuli moja la Ijumaa likupe matokeo yale.

Mama yangu ana baridi yabisi, yaani uvimbe wa viungo, nampa asubuhi na jioni kwa muhogo wa kuchemsha, ila vidonge vyake hajaacha na sitaki aache hata siku moja. Na mwenye kinga ndogo, mfano anaepata dawa za saratani, amuulize daktari kwanza.

Sukari tia kwenye bakuli lako unapokula, na kabla hamjaumaliza tenga vijiko vitatu kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko, weka friji, ndo wa kugandishia kesho.