Sensa za upepo wa tairi: soma kabla hujafungua nati hata moja

Mwongozo huu ni wa fundi wa tairi, au mwenye gari, aliyenunua mashine ndogo ya kusoma sensa za upepo (za tairi, si ile ya kuhesabu watu), akaisogeza kwenye gurudumu, na ikamjibu kwamba hakuna sensa. Mara nyingi mashine ni nzima na sensa nayo ni nzima.

Kwanza ujue zinaongeaje. Sensa imefungwa ndani ya rimu, kwenye mkia wa vali. Gari likisimama, sensa hulala ili isimalize betri. Mashine huigongea mlango kwa mawimbi ya kilohezi 125, sensa ikiamka hujibu kwa redio ya megahezi 315 au 433, ikitaja ID yake (namba yake ya utambulisho), upepo, joto na mara nyingi hali ya betri. Kuigongea ni kazi moja, kusikia jibu ni nyingine. Ukikwama, jiulize ni ipi kati ya hizo mbili imekataa.

Kama hujanunua bado, chukua yenye waya wa OBD, ule unaochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari. Autel TS408 inasoma na kuprogramu sensa mpya vizuri tu, ila haiwezi kuongea na gari. TS508 inaweza. Kwa gereji inayopokea Toyota na Nissan, mashine isiyo na OBD ni nusu mashine: utaziona ID zote na hutakuwa na pa kuzipeleka.

Hatua ya 1: Kuitayarisha mashine

Chaji ijae, isajili, sasisha programu. Weka vipimo vya psi na ID zionekane kwa heksadesimali. Basi.

Hatua ya 2: Hakikisha gari lina sensa

Magari mengi yaliyouzwa ndani ya Japani hayana kabisa. Ukiletewa IST au Premio usihangaike. Marekani sensa au mfumo unaofanana nao ni lazima kwa magari madogo yote mapya tangu Septemba 2007, na Ulaya tangu Novemba 2014, kwa hiyo gari la karibuni kutoka Uingereza lazima liwe na kitu. Kitu hicho si lazima kiwe sensa. Golf nyingi za Ulaya, kwa mfano, hukisia upungufu wa upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia sensa za ABS, yaani za breki. Hapo ndani ya tairi hakuna cha kusoma: unajaza upepo sawasawa, unabonyeza kitufe cha kuanza upya, umemaliza.

Dashibodi ikionyesha psi ya kila tairi peke yake, sensa zipo. Vali ya chuma iliyokazwa kwa nati nayo ni dalili nzuri. Vali ya mpira haithibitishi chochote, kwa sababu zipo sensa zinazokaa kwenye vali ya mpira, na pia yapo magurudumu ambayo mziba pancha wa barabarani alitupa sensa ili aingize tyubu. Ukishuku tyubu, uliza kabla hujalaumu betri.

Hatua ya 3: Soma magurudumu yote kabla ya jeki

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo usiruke mistari.

Mashine itakuuliza aina ya gari, modeli, mwaka na soko. Soko ni mahali gari lilipouzwa likiwa jipya, si lilikoundwa wala linakotembea leo. Modeli moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na 315 kwa Marekani na Japani, na 433 kwa Ulaya. Ukichagua vibaya, mashine inaweza kuiamsha sensa sawasawa halafu ikasikiliza masafa mengine, ikakuambia hakuna kitu. Usitegemee kuskani namba ya chesisi: gari la soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati, si ile ya herufi na tarakimu 17, na mashine nyingi haziielewi. Chagua kwa mkono. Dar na Mombasa utakutana zaidi na magari ya Japani na Uingereza. Kigali na Goma, kwenye usukani wa kushoto, tarajia pia ya Marekani. Mwaka wa mabadiliko ya umbo ndio msumbufu zaidi: ukikosa, jaribu mwaka uliotangulia na unaofuata kabla ya kukata tamaa.

Kisha mkono wako. Antena ielekee ubavu wa mpira, sentimita chache kutoka mahali vali ilipo, isiguse rimu. Chuma cha rimu huzuia mawimbi, mpira huyapitisha. Bonyeza, tulia, usiihamishe hamishe. Sensa nyingine hujibu papo hapo, nyingine huchukua nusu dakika. Anayeondoa mashine sekunde ya tano na kubonyeza tena anaanza upya kila mara.

Ikikataa, fuata mpangilio huu:

Zungusha gurudumu vali iwe juu, jaribu tena. Zima inveta, chaja na taa za bei poa zilizo karibu. Mwenye gari asibonyeze rimoti, kwa sababu rimoti nyingi hutumia masafa hayo hayo. Ikikataa bado, toa upepo kwa haraka, kama psi 10, huku umebonyeza: baadhi ya sensa huamka zikihisi upepo unashuka ghafla. Kisha jaza tena.

Kama gurudumu moja tu limekataa na matatu yamejibu, mashine na machaguo yako ni sawa, sensa hiyo huenda imekufa au ilishatolewa. Kama yote manne yamekataa, usiseme sensa nne zimekufa siku moja. Rudi kwenye soko na mwaka. Na ili usiishuku mashine bure, weka kwenye droo sensa mbili zilizokwisha kuprogramiwa, moja ya 315 na moja ya 433. Mashine ikizisoma hizo, tatizo liko kwenye gari au kwenye chaguo lako. Huo mtihani wa dakika moja ni bora kuliko kubishana na mteja saa nzima.

Jibu nalo lina mitego. Tuseme umesoma kushoto mbele, ikaja 8B06F3A, 33 psi, nyuzi 34, betri sawa. Unasoma kulia mbele, inakuja 8B06F3A tena. Hujapata sensa mbili: ya kwanza imejibu kwa niaba ya jirani yake, na ya kulia inawezekana imelala au imekufa. Vivyo hivyo kama kuna magurudumu ya gari lingine yameegemezwa ukutani hapo karibu, au spea ina sensa. Sogeza gari mita kadhaa, soma kila gurudumu mara mbili, na ID uikubali tu ikijirudia ileile. Ulinganishe pia psi ya mashine na geji yako ya mkono. Mashine ikisema 33 na geji ikisema 26, umesoma gurudumu la mtu mwingine.

Andika kwenye daftari: kushoto mbele, kulia mbele, kushoto nyuma, kulia nyuma, ukihesabu kushoto na kulia kama umekaa ndani unatazama mbele. Usiandike "upande wa dereva", maana maelekezo ya Kimarekani yana dereva wa kushoto na wewe una wa kulia. ID ina tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu. Ukijiona umeandika O, ni sifuri. Herufi B na tarakimu 8 zitazame mara mbili.

Kuhusu betri: hudumu kati ya miaka 5 na 10 hivi, na zimezibwa ndani ya gundi ngumu. Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, maana yake gari "jipya" kutoka bandarini linaweza kuja na sensa zilizo ukingoni. Mwambie mteja mapema. Wapo wanaokata gundi na kulehemu betri nyingine. Mimi siwashauri: ile gundi ndiyo inayozuia maji, na sensa hairudi uzito uleule.

Hatua ya 4: Kuprogramu sensa mpya

Nunua sensa tupu zinazokubali 315 na 433 zote, za kampuni iliyotengeneza mashine yako, ili usihifadhi aina kumi dukani. Kama sensa ya zamani bado inajibu, nakili ID yake: gari halitajua kama kuna kilichobadilika na hutahitaji kusajili. Ila ile ya zamani iondoke kabisa, isibaki ndani ya buti ikiendelea kutuma jina lilelile. Kama ya zamani imekufa na ID yake huijui, mashine itunge ID mpya, kisha utaisajili kwenye gari.

Programu sensa moja moja, nyingine zikiwa mbali. Fanya hivyo kabla ya kuifunga kwenye rimu, halafu isome papo hapo mkononi. Kuifumania mbovu kabla ya tairi kurudi ni raha.

Hatua ya 5: Kufunga

Unapobandua tairi, anza upande ulio mkabala na vali, kwa sababu bapa la mashine likishuka juu ya vali sensa inavunjika. Badilisha mpira na nati ya vali kila tairi linapotoka, hata kama ule wa zamani unaonekana mzima. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ni kidogo kuliko mkono wako unavyodhani, nyingi hazifiki Nm 10, na vali ya aluminiamu iliyokazwa kwa hasira hukatika.

Kwa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, chumvi ya baharini ni adui wa pili. Ndani ya vali ya aluminiamu weka sindano (kile kiini kinachozuia upepo) iliyopakwa nikeli, si ya shaba tupu, na kifuniko cha plastiki. Kifuniko cha chuma, hicho cha kung'aa wanachopenda vijana, hugandamana na vali, na siku ya kujaza upepo kinaondoka na vali yake. Gundi ya kumwaga ndani ya tairi kuzuia pancha nayo huziba tundu la sensa, kwa hiyo ukiikuta, isafishe sensa au andaa nyingine. Mwisho balansi, maana sensa ina uzito.

Hatua ya 6: Kulifundisha gari

Kuna njia tatu, na mashine itakuambia gari lako ni la ipi.

Ya kwanza, gari hujifunza lenyewe ukiliendesha, kwa kawaida dakika 10 hadi 20 kwa mwendo unaozidi kilomita 40 kwa saa. Foleni ya Tazara, Dar, haihesabiki.

Ya pili, unaliweka gari kwenye hali ya kujifunza kisha unagonga magurudumu kwa mpangilio. Chevrolet na Ford nyingi za Marekani hufanya hivi: kushoto mbele, kulia mbele, kulia nyuma, kushoto nyuma, honi ikilia kila moja inapokubaliwa. Ukikosea mpangilio gari halitalalamika, litakuonyesha tu psi ya tairi la mbele kwenye nafasi ya nyuma.

Ya tatu ni OBD, na hapa ndipo Toyota huchosha watu. Kile kitufe cha SET au RESET chini ya usukani hakisajili sensa mpya. Kazi yake ni kuliambia gari kwamba upepo uliomo sasa ndio sahihi. Mtu anafunga sensa nne mpya, anakibonyeza asubuhi hadi jioni, taa ya onyo la upepo kwenye dashibodi haizimi, analaumu duka. ID lazima ziandikwe kwenye kontroboksi kupitia OBD: soma magurudumu yote, chomeka waya, swichi ON bila kuwasha injini, chagua kuandika, subiri ithibitishe. Betri ya gari iwe na nguvu, au weka chaja, kwa sababu umeme ukiyumba katikati ya kuandika utajitafutia kazi nyingine. Kisha jaza upepo wa kwenye kibandiko cha mlango, matairi yakiwa baridi, ndipo ubonyeze kitufe hadi taa imulike taratibu mara tatu. Baada ya hapo endesha.

Taa ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua kweli: vipimo vya Marekani huiwasha upepo ukishuka kwa asilimia 25, yaani tairi la psi 32 likifika 24. Ikimulika dakika moja hadi moja na nusu kisha ikabaki imewaka, kuna sensa ambayo gari haliisikii, na hapo unarudi kwenye daftari. Ikiwaka alfajiri ya Njombe au Limuru na kuzimika mchana, si ugonjwa. Upepo hushuka karibu psi 1 kila joto likipungua nyuzi 5 au 6, na tairi lililojazwa kwenye jua la Dar likiwa pungufu kidogo litavuka mstari huko baridini. Jaza asubuhi.

Kama kila kitu kimekubali na taa bado inamulika, fungua buti. Baadhi ya magari ya porini yana sensa ya tano kwenye spea, na spea hiyo ndiyo hakuna aliyeisoma.