Kupima oili ya sinthetiki kabla hujarefusha kilomita za kumwaga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wenye gari wengi Unguja na Pemba wameshahamia oili ya sinthetiki, na kila mmoja anataka kujua kama ile ya kilomita 10,000 inaweza kufika 15,000. Usiamini kopo, wala usiamini rangi. Ipime. Gari inayokwenda Mjini hadi Nungwi, kama kilomita 60 mfululizo, injini yake hupata moto wa kutosha kufukuza maji na petroli iliyovujia kwenye oili. Inayozunguka Darajani na Mwanakwerekwe, zima washa, haiupati moto huo. Mita ikisoma sawa, oili zao haziko sawa.

Hatua ya 1. Endesha nusu saa, kisha egesha mahali tambarare na uzime. Oili ya moto imechanganyika. Iliyolala usiku kucha imeacha uchafu chini.

Hatua ya 2. Futa vizuri nati ya kumwagia na pembezoni mwake. Fungua, acha mkondo wa mwanzo upite, ndipo ukinge katikati, kama mililita 100. Angalia mikono, inaunguza. Chupa iwe safi na kavu kabisa, maana tone moja la maji lililobaki ndani litakuja kusomeka kama injini inaingiza maji.

Hatua ya 3. Andika kwenye chupa: aina ya oili, kilomita tangu ulipomwaga, na lita ulizoongeza njiani. Hizo lita watu huzisahau, na zinapunguza kiwango cha chuma kinachoonekana. Tia na chupa ya pili ya oili mpya ya aina ileile, ili maabara ipate pa kulinganishia.

Hatua ya 4, ya nyumbani. Dondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, iache hadi kesho yake. Likisambaa kwa upole hadi pembeni, oili bado inabeba uchafu wake. Likibaki doa jeusi zito katikati lenye ukingo mkali, imechoka. Kujua kama mna maji, dondosha tone dogo la oili kwenye bati lililopata moto wa nyuzi 160 hivi. Likitatarika, mna maji. Fanya nje, na uvae miwani.

Hatua ya 5. Maabara. Kujua pa kupeleka chupa, wauzaji wa mitambo mizito Dar es Salaam ni wa kuwauliza kwanza. Funga chupa isivuje kwenye boti.

Ripoti ikirudi, anza na unene. Kwa 5W-30, kwenye nyuzi 100 uwe kati ya 9.3 na 12.5, kwa kipimo cha sentistoki (cSt). Ukishuka chini ya hapo, shuku petroli. Kisha tazama akiba ya alkali, ambayo huandikwa TBN, ndiyo inayozima asidi. Ikifika nusu ya ile ya oili mpya, mimi namwaga, hata kama kilomita hazijatimia. Chuma hutoka kwenye silinda na shafti, alumini kwenye pistoni, shaba na risasi kwenye beringi. Ripoti moja haitoshi kuhukumu: gawa kiwango cha chuma kwa kilomita, ulinganishe na cha mara iliyopita. Kikipanda ghafla, kuna kitu kinalika.

Silikoni kwenye ripoti ni dalili ya vumbi. Lakini wenzangu wa Makunduchi na Jambiani, vumbi la njia za maweni ni la matumbawe, yaani chokaa, na chokaa ni kalsiamu. Oili yenyewe ina kalsiamu nyingi tangu kiwandani, kwa hiyo vumbi hilo hujificha humo. Silikoni ndogo isikutulize. Toa filta ya hewa uiangalie kwa macho.

MASWALI

Wete: Maalim, ya kwangu inakuwa nyeusi mapema mno. Nimeuziwa feki?
Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Kama ni dizeli, masizi huitia weusi haraka, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Pima unene na TBN ndipo uhukumu.

Paje: Nabeba wageni. Nasubiri injini na kiyoyozi vimewashwa saa nzima, kilomita haziongezeki.
Jibu: Basi hesabu saa. Makadirio ya magari ya kazi huichukua saa moja ya kuunguruma kama kilomita 40 hadi 50. Kwa kazi yako, nisingerefusha kabla ya kuona ripoti angalau mbili.

Mkoani: Ripoti yangu ina sodiamu nyingi. Ni hewa ya bahari?
Jibu: Anza kushuku maji ya rejeta, kaka. Tazama na potasiamu. Zikipanda zote mbili, kagua gasketi ya silinda hedi, na uangalie kama rejeta inapungua bila kuvuja nje. Zipo pia oili zenye sodiamu tangu mpya, na hapo ndipo ile chupa ya pili inapokuokoa.

Bububu: Nikishapima, oili chakavu nipake mbao za banda?
Jibu: Hapana. Ina metali na masalia ya mafuta yaliyoungua, na mvua ya masika itaipeleka kisimani. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, umpelekee fundi anayekusanya.