Waksi ya karnauba kwa gari la Dar: jinsi ninavyochagua kopo

Mteja akinipigia simu kuuliza waksi ipi nzuri, kabla ya kumtajia kopo lolote namuuliza maswali matatu. Gari lako rangi gani? Linalala wapi? Linaoshwa kwa maji gani? Hilo la tatu huwashangaza wengi, lakini hapa Dar es Salaam nyumba nyingi zinatumia kisima, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Tone likikaukia juu ya boneti juani linaacha duara jeupe, na duara likizeeka halitoki kwa kitambaa, linatoka kwa mashine. Gari linalooshwa saa sita mchana kwa maji hayo, halafu likaachwa lijikaushe, waksi ya bei yoyote haitalisaidia.

Rangi ndiyo ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotupa hela. Karnauba, nta ya mti wa Brazili, tunaipaka kwa ajili ya sura. Jeusi linakuwa jeusi kweli, jekundu linaonekana kama limetoka kunyeshewa. Kwenye gari jeusi, la bluu iliyokolea, la maruni au la kijani cha chupa, tofauti unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwenye jeupe na silva, ambayo ndiyo magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani, tofauti ni ndogo mno. Mwenye Noah nyeupe huwa namwambia wazi: kaka, chukua waksi ya polima ya kiwandani, itakaa miezi minne au mitano, na chenji inayobaki nunua vitambaa vizuri vya mikrofaiba. Wengine hawapendi jibu hilo. Wamekuja na jina la kopo waliloliona kwenye video, na wanataka niwaunge mkono.

Swali la gari linalala wapi linahusu muda. Gari lenye banda linaweza kukaa na karnauba miezi mitatu hivi. La kulala nje na kushinda juani kwenye maegesho ya mjini, hesabu wiki sita, nane ukiwa na bahati, hata kama kopo limeahidi zaidi. Kama wewe si mtu wa kurudia kazi hii kila baada ya miezi miwili, usinunue karnauba. Na kama unaegesha chini ya mwembe, una utomvu na una kunguru. Kinyesi cha kunguru kikipigwa na jua la mchana kinakula klia, ile rangi angavu ya juu. Waksi inakupa nafasi ya kukiwahi tu. Ukikiacha mpaka jioni kitapita.

Sasa karnauba yenyewe. Inatoka kwenye majani ya mti wa jamii moja na mnazi na mvumo, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, hasa majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Huko kuna kiangazi kikali, na mti hujifunika majani kwa nta ili maji yasiupotee. Wavunaji huyakata majani, huyaanika, kisha huyapiga mpaka unga wa nta udondoke, ndipo uyeyushwe na kuchujwa. Kabla ya magari ilikuwa na soko kubwa kwenye sakafu na viatu. Mwaka 1935 H. F. Johnson Jr., wa kampuni ya Marekani ya S. C. Johnson iliyokuwa maarufu kwa nta za sakafu, alisafiri kwa ndege ndogo kutoka Wisconsin mpaka Brazili kwenda kuiona miti yenyewe. Mfanyabiashara hafungi safari ya namna hiyo kwa ajili ya kitu cha mchezo.

Kinachoitofautisha ni ugumu. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Boneti nyeusi iliyoegeshwa Posta mchana wa Januari inaweza kupita nyuzi 65, kwa hiyo waksi iliyojaa nta ya nyuki inalainika pale pale, na ikilainika inakamata vumbi. Nayasema haya kwa sababu kila mara yupo mtu anayeniuliza kwa nini tusitumie nta yetu ya Tabora, nta inayonunuliwa mpaka nje ya nchi. Ni nta nzuri. Mimi mwenyewe naichanganya na tapentaini napaka meza ya mninga nyumbani. Ikiwekwa kidogo ndani ya waksi ya karnauba inaifanya ipakike kwa urahisi. Ikiwa peke yake juu ya bati la gari, kwa jua hili, hapana.

Ugumu huohuo ndio unaofanya karnauba tupu isiwezekane kuuzwa kama waksi ya kupaka. Ikiwa haijachanganywa na kitu ni vigae vinavyovunjika mkononi. Lazima ilainishwe kwa mafuta na kiyeyusho, mara nyingi kinachotokana na petroli. Kopo likiandikwa "100% Carnauba", maana yake nta iliyomo ndani ni karnauba yote. Si kwamba kopo zima ni karnauba. Makopo mengine yanataja asilimia 50 au 60, lakini ni kwa uzito au kwa ujazo? Kabla ya kiyeyusho kutiwa au baada? Muuzaji hajui na kopo halisemi. Namba hiyo mimi nimeacha kuitazama. Na "Natural" isikubabaishe: harufu ya ndizi au nazi imetiwa, na ule unjano mzuri mara nyingi umetiwa vilevile. Ukisikia harufu ya kiyeyusho usiogope, ndiyo ukweli wa kitu chenyewe.

Neno la kutafuta kwenye kopo ni "Cleaner". Kampuni ya Mothers, kwa mfano, wana kopo la California Gold la Cleaner Wax, na wana jingine la Pure Brazilian Carnauba. Majina yanafanana, kazi hazifanani. Lenye Cleaner linasafisha na kusugua kidogo wakati linapaka. Linafaa mara moja kwa gari lililofubaa kama huna mashine ya kupolishi. Ukilipaka kila mwezi unakula klia yako mwenyewe, na klia ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele. Kwa gari ambalo limeshapolishiwa, chukua lisilo na neno hilo.

Halafu kuna michanganyiko ya karnauba na polima, kama Gold Class Carnauba Plus ya Meguiar's. Wapenzi wa karnauba isiyo na polima huidharau. Mimi kwa gari jeusi linalokwenda kazini kila siku ndiyo ninayoanza nayo, kwa sababu unapata sehemu kubwa ya ule ung'avu na inastahimili kuoshwa zaidi. Karnauba isiyochanganywa na polima naibakiza kwa gari linalotoka Jumamosi na siku za harusi. Makopo ya Zymöl na Swissvax ya daraja la juu kabisa, yanayouzwa kwa bei ya bodaboda mpya, yapo na yana watu wake. Kwenye foleni ya Mwenge hakuna atakayeona tofauti.

Ya kupulizia kwenye chupa haina nta nyingi. Inunue kama nyongeza ya kupitishia baada ya kuosha, si badala ya kopo. Na ile ya kumaliziwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa pale unapooshea gari siyo waksi ya aina yoyote. Gari linang'aa mpaka getini kwako, halafu vumbi lote la mtaa linahamia kwako.

Ukifika dukani, Kariakoo au popote, omba kopo lifunguliwe. Makopo husafiri kwenye kontena zenye joto kali, na yanaharibika kabla hujayaona. Mafuta yakiwa yameelea juu kama dimbwi, nta imeshajitenga. Ikiwa imesinyaa na kuacha pengo ukutani mwa kopo, tena ina nyufa, kiyeyusho kimeondoka na itakutesa kuipaka. Nzuri ni imara ukiibonyeza, lakini inalainika kwa joto la kidole. Chukua kidogo mno, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chembechembe, kuna kisugulio ndani hata kama kopo halikusema. Kisha paka kwa wembamba kwenye chupa ya soda, subiri dakika tano, futa. Inayokataa kufutika kwenye kioo cha chupa itakutoa jasho kwenye paa la gari. Muuzaji anayekataza vyote hivi ana sababu zake, nenda duka la pili.

Gramu 200 zinatosha. Gari dogo halimalizi vijiko viwili vya chai kwa mara moja ikiwa unapaka inavyotakiwa, kwa hiyo kopo la familia la bei nafuu si nafuu, litakauka kabla hujalifikisha nusu.

Kabla ya kulipa, jua pia gari lako lina klia au halina. Chukua kitambaa chenye polishi kidogo, sugua sehemu iliyojificha, tazama kitambaa. Rangi ya gari ikihamia kwenye kitambaa, hakuna klia. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi, la sivyo hutaona kitu. Magari mengi ya Toyota yenye rangi nyeupe ya msimbo 040 yako hivyo, na rangi ya namna hiyo hukauka na kuacha unga wa chaki. Hapo anza na polishi yenye mafuta, waksi ifuate. Kama gari limetoka kupigwa rangi gereji, subiri miezi miwili mpaka mitatu. Rangi inayokaukia hewani bado inatoa tina, kiyeyusho cha rangi, taratibu, na ukiifunika kwa waksi mapema unaifungia ndani. Kuna mafundi rangi watakaokwambia paka kesho yake. Wao wameshalipwa.

Maandalizi nitayapitia haraka. Osha kwa shampuu ya gari, kivulini, asubuhi. Kausha. Vaa mkononi mfuko laini wa mkate, pitisha vidole juu ya boneti: kupitia mfuko utasikia chembe ambazo mkono mtupu hauzisikii. Zikiwepo, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na maji ya shampuu mengi, ukiteleza bila kukandamiza. Ukidondosha udongo huo chini, tupa, usiuokote. Mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani haitaondolewa na waksi. Karnauba inaizibaziba kwa wiki chache tu, kisha inarudi kukusalimia.

Kupaka ndiko kunakoharibu waksi nzuri kuliko kitu kingine. Weka mgongo wa mkono kwenye bati, likiwa na joto ahirisha. Gusa kopo kwa sponji mara moja tu, na mguso huo umalize nusu ya mlango. Ukiona weupe mzito umeshazidisha: unene hauongezi ulinzi, unaongeza kazi ya kufuta. Fanya kipande kimoja, boneti, halafu rudi kwenye boneti hiyo kabla hujaenda mbali. Kwenye unyevu wetu wa pwani muda wa kusubiri hubadilika kila siku, kwa hiyo saa haitakusaidia. Pitisha kidole. Kikiacha njia safi, futa. Kikiacha ukungu wa mafuta, ngoja. Futa kwa mikrofaiba, kisha geuza upande mkavu upite mara ya pili. Plastiki nyeusi za pembeni zifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) kwanza, maana waksi ikiingia kwenye vinyweleo vyake inakauka nyeupe, na kuiondoa ni mswaki na uvumilivu. Tabaka la pili lipake baada ya saa kadhaa. Faida yake kubwa ni kufunika sehemu ulizoziruka.

Ukiwa umebaki na makopo mawili na huwezi kuamua, gawa boneti katikati kwa ule utepe wa karatasi. Kushoto hili, kulia lile. Endesha wiki mbili, osha kama kawaida, mwaga maji. Upande ambao matone bado yanasimama ndio unaohimili jua la kwako na maji ya kwako. Mtu yeyote akikupendekezea kopo, nikiwemo mimi, hawezi kukupa jibu zuri kuliko hilo.

Mwaka hapa nimeuzoea hivi: napaka mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajaanza, narudia mvua zikikatika. Katikati yake naosha kwa shampuu tu. Sabuni ya unga na ya vyombo zinaivua waksi kidogo kidogo kila unapoosha. Kama maji ni ya kisima, weka ndoo moja ya maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho na ukaushe papo hapo. Kinyesi cha kunguru kilowanishe kwa kitambaa kibichi dakika chache ndipo ukiinue, usikisugue kikavu. Kopo likifungwa vizuri liweke kabatini ndani ya nyumba. Kwenye buti, mchana mmoja wa Machi unatosha kuitenganisha nta na mafuta yake.