Kutoa vyuma mfupani: safisha kichwa cha skrubu kabla hujazungusha

Korosho zikishauzwa huku Mtwara, wagonjwa tuliowawekea vyuma huanza kurudi: "Dokta, nitolee hiki chuma." Nawaandikia madaktari vijana wanaoanza kazi hii chini ya wakubwa wao.

Hatua ya kwanza ni kuamua kama kitoke. Kwa mtu mzima, chuma kisichouma wala kutoa usaha mara nyingi nakiacha. Eksirei mpya ikionyesha mfupa haujaunga, ahirisha.

Pili, ijue seti ya skrubu zilizotumika. Skrubu za kawaida za milimita 4.5 hutaka bisibisi ya pembe sita ya milimita 3.5, za milimita 3.5 hutaka ya 2.5. Faili la zamani likikosekana, andaa bisibisi za kila aina, za nyota pia.

Tatu, pitia kovu lilelile. Kama ni mfupa wa juu wa mkono, itafute neva ya radiali, mshipa wa fahamu unaoinua kiganja, uione kwa macho yako, maana kovu huigandisha kwenye pleti, yaani bamba la chuma lililofungwa mfupani.

Nne ndiyo kazi yenyewe. Tundu la kichwa cha skrubu hujaa nyama ngumu na mfupa mpya. Lichokonoe kwa ncha kali, mwagia maji ya chumvi, mpaka pembe zote sita zing'ae. Simamisha bisibisi wima, igonge kidogo kwa nyundo, kandamiza, kisha kaza kidogo. Ndiyo, kaza, ikishatikisika ndipo ufungue. Mwaka wangu wa kwanza niliiruka hatua hii. Tundu likalika, likawa duara, na kazi ya nusu saa ikala saa tatu, mama wa watu yuko mezani. Naikumbuka kila nishikapo bisibisi.

Tundu likilika, tumia skrubu ya kung'olea yenye meno ya kushoto: unavyoizungusha kufungua ndivyo inavyong'ata. Ikigoma, toboa kichwa, ondoa pleti, kamata shina kwa koleo. Vumbi la chuma lisiingie kwenye nyama, tandaza shashi.

Skrubu zinazojifunga kwenye pleti zilegeze zote kwanza, ndipo utoe mojamoja. La sivyo ya mwisho itazunguka na pleti nzima. Kwa msumari wa paja, ule mrefu unaopita ndani ya mfupa, funga king'oleo juu yake kabla hujamaliza kutoa skrubu zake, msumari usije ukazunguka au kuzama.

Hesabu skrubu na nesi, zilingane na za kwenye eksirei. Matundu zinayoacha hudhoofisha mfupa: mgonjwa atembee kama ulivyomwelekeza, ila walau miezi 3 asipande mkorosho wala kubeba gunia.