Kupiga Hesabu ya Ikama ya Wauguzi kwa WISN: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Uuguzi

Upungufu wa wauguzi ni mada isiyoisha vyuoni. Mwanafunzi wa uzamili, awe wa afya ya jamii au wa uongozi wa uuguzi, anagawa hojaji, anawauliza wauguzi kama wamechoka, nao wanajibu kwamba wamechoka. Ni kweli wamechoka. Lakini jibu hilo halimwambii mkurugenzi wa halmashauri aombe kibali cha kuajiri watu wangapi. Ikama ya wizara, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, nayo inaangalia aina ya kituo: zahanati, kituo cha afya, hospitali. Vituo viwili vya ngazi moja, kimoja kinazalisha akina mama 20 kwa mwezi na kingine 70, vinaonekana sawa.

WISN (Workload Indicators of Staffing Need), mbinu ya Shirika la Afya Duniani ambayo mwongozo wake uliorekebishwa ulitoka mwaka 2010, inaangalia mzigo wenyewe wa kazi. Inachukua kazi zilizofanyika kwa mwaka, inazipa muda zinaostahili, kisha inagawa kwa muda ambao muuguzi mmoja anao kweli. Hapa tunatumia mfano wa kituo cha afya cha Tanzania Bara chenye kliniki ya mama na mtoto pamoja na leba, na wauguzi 5. Namba ni za kufundishia. Zako zitatoka kwenye rejista.

Barua kwanza

Hata kama hutamhoji mgonjwa yeyote, unahitaji kibali cha maadili cha chuo chako. Baada ya hapo barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mganga mfawidhi wa kituo. Usiruke ngazi hata moja. Muuguzi Mkuu wa Wilaya mpe nakala na ukazungumze naye ana kwa ana, kwa sababu yeye ndiye atakayekufungulia faili za likizo, na bila faili za likizo hesabu nzima haina mguu wa kusimamia.

Chagua kada moja. Muuguzi, tabibu na mhudumu wa afya kila mmoja anafanyiwa hesabu yake. Ukiwachanganya utapata jumla isiyoajirika.

Muda alionao muuguzi mmoja

Wiki 52 mara siku 5 ni siku 260. Kutoka hapo unatoa siku zote ambazo muuguzi hayupo kazini.

Sikukuu: hesabu zile tu zilizoangukia Jumatatu hadi Ijumaa katika mwaka unaouchunguza. Mfano wetu una 13. Kama anayefanya kazi sikukuu halipwi kwa siku nyingine ya mapumziko, usizitoe kwake.

Likizo ya mwaka ndipo wengi wanapoteleza. Sheria inatoa siku 28, nazo ni siku za kalenda mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Kwa siku za kazi ni wiki 4, yaani siku 20. Ukitoa 28 kwenye 260 umempunguzia kila muuguzi siku 8 ambazo kwa kweli anafanya kazi, na upungufu utakaoutangaza utakuwa umetiwa chumvi. Mtahini makini ataliona kosa hilo mapema sana.

Ugonjwa: wastani wa siku 2 kwa kila muuguzi. Semina: 2. Kisha likizo ya uzazi, ambayo huachwa kabisa ama huchukuliwa ya mwaka mmoja tu. Ni siku 84 za kalenda, sawa na siku 60 za kazi. Tazama miaka 3. Kama wauguzi 2 walijifungua katika kipindi hicho, ni siku 120. Gawa kwa miaka 3, gawa tena kwa wauguzi 5, unapata siku 8 kwa kila mmoja kwa mwaka.

Jumla ya kutokuwepo: 13 + 20 + 2 + 2 + 8 = 45. Zinabaki siku 215. Zidisha kwa saa 8: saa 1,720 kwa mwaka. Kama kituo kina zamu ya usiku ya saa 12, usihesabu zamu. Rudi kwenye saa za wiki, 40, ndipo hesabu itakaa sawa.

Muda wa kila kazi

Hii ndiyo sehemu ya kufanya kwa utulivu mkubwa kuliko zote. Mwanafunzi anakaa kliniki na saa mkononi siku ya msongamano, anaona mjamzito wa hudhurio la kwanza anahudumiwa kwa dakika 12, anaandika 12. Lakini ndani ya dakika hizo 12 hakuna aliyeuliza habari za uzazi uliopita ulioishia kwa upasuaji, shinikizo la damu lilipimwa mama akiwa amesimama, na ushauri kuhusu dalili za hatari ulirukwa. Ukipima haraka ya msongamano, utathibitisha kwa namba zako mwenyewe kwamba wauguzi wanatosha. Upungufu umejificha ndani ya kipimo chako.

Kigezo kinachotakiwa ni muda anaoutumia muuguzi mwenye ujuzi akifanya kazi kwa viwango, katika mazingira ya kituo kile. Kaa na wauguzi wazoefu kutoka vituo kadhaa, si wa kituo kimoja tu, mkiwa na mwongozo wa huduma mezani. Vunjeni kazi hatua kwa hatua. Kwa hudhurio la kwanza: historia na kujaza kadi, shinikizo, uzito na urefu, kipimo cha wekundu wa damu, VVU, kaswende na malaria, kupima mimba kwa mkono, dawa ya kukinga malaria, vidonge vya kuongeza damu, ushauri, kuingiza kwenye rejista. Ipe kila hatua dakika zake, kisha jumlisha; katika mfano wetu jumla ni dakika 40. Saa ya mkononi itumie baadaye, siku tulivu, kuhakiki tu.

Leba ina mtego wake. Uchungu wa saa 10 si kazi ya saa 10. Hesabu muda ambao mkunga yupo kando ya kitanda: mapokezi na kipimo cha kwanza dakika 30, ufuatiliaji wa patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) kila nusu saa, mara 15, kila mara dakika 10 kwa sababu mikazo huhesabiwa kwa dakika 10 kamili, jumla 150, kusukuma mtoto na kutoa kondo 60, mama na mtoto saa mbili za kwanza 40, kumbukumbu na kuandaa kitanda 20. Ni dakika 300, saa 5.

Idadi ya kazi kwa mwaka

Chukua miezi 12 kamili kutoka MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: kitabu namba 6 kwa wajawazito, 7 kwa watoto, 8 kwa uzazi wa mpango, 12 kwa leba. Usiamini muhtasari wa mfumo wa kompyuta peke yake. Chagua miezi 3, fungua rejista, hesabu mstari kwa mstari kwa kidole. Tofauti ikizidi asilimia 10, tafuta chanzo kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni hudhurio lililoandikwa kama mtu mpya, au mwezi ambao chanjo iliisha, akina mama wakarudishwa, na siku walizorudi zikahesabiwa zote.

Sasa gawa. Muuguzi mmoja ana dakika 103,200 kwa mwaka, hivyo angeweza kufanya mahudhurio ya kwanza 2,580 ya dakika 40 kama asingefanya kingine chochote. Kituo kilikuwa na 1,290, basi anahitajika muuguzi 0.50. Kwa namna hiyo hiyo:

Marudio ya wajawazito 5,160, dakika 20: 1.00
Uzazi wa mpango 2,752, dakika 30: 0.80
Chanjo na ukuaji wa mtoto 10,320, dakika 10: 1.00
Kuzalisha 860, saa 5: 2.50

Pamoja na hudhurio la kwanza, jumla ni wauguzi 5.80.

Kazi zisizoandikwa kwenye rejista

Zipo za aina mbili. Za kwanza hufanywa na wauguzi wote: kukabidhiana zamu nusu saa kila siku ni asilimia 6.25 ya siku. Kuchemsha vifaa, kuhesabu dawa na kujumlisha takwimu dakika 48 ni asilimia 10. Kikao cha saa moja na nusu kwa wiki ni 3.75. Jumla asilimia 20.

Hapa usiongeze asilimia 20. Gawa 1 kwa 0.80, unapata 1.25. Asilimia 20 ni ya muda wote wa muuguzi, kwa hiyo huduma zinapaswa kuingia kwenye 80 iliyobaki. 5.80 × 1.25 = 7.25. Ukizidisha kwa 1.20 unapata 6.96. Kwa kituo kidogo tofauti haionekani, lakini katika hospitali yenye mzigo wa wauguzi 58 ni karibu watu 3 waliopotea kwenye kalkuleta.

Za pili hufanywa na wachache, na ndizo zinazobeba afya ya jamii. Muuguzi mfawidhi anatumia saa 10 kwa wiki kwa ratiba, ripoti na oda ya dawa, wiki 43 kwa mwaka: saa 430. Huduma za mkoba, yaani kuwafuata watu vijijini: wauguzi 2, siku 2 kila mwezi, saa 8, jumla saa 384. Kuwasimamia wahudumu wa afya ya jamii: saa 4 kwa mwezi, 48. Jumla 862, gawa kwa 1,720, ni 0.50. Kwa huduma za mkoba hesabu tangu kisanduku cha chanjo kinapofungwa hadi kinaporudishwa kwenye friji. Njia ya saa mbili kwa pikipiki wakati wa masika ni kazi, na ikiachwa nje, vijiji vya mbali ndivyo vinavyokosa muuguzi wa kuwafuata.

Jumla: 7.25 + 0.50 = 7.75, inapandishwa kuwa 8. Waliopo 5. Uwiano ni 5 kwa 8, yaani 0.63, upungufu wa watu 3. Uwiano chini ya 1 ni upungufu, na kadiri unavyoshuka ndivyo shinikizo la kazi linavyopanda.

Usiku haujui idadi

Usifunge faili bado. WISN inahesabu kazi iliyofanyika, ila leba lazima iwe na mkunga saa zote, aje mzazi asije. Nafasi moja isiyoachwa wazi ni saa 24 mara siku 365, saa 8,760. Gawa kwa 1,720: watu 5.09. Hesabu yetu iliipa leba 2.50 mara 1.25, yaani 3.13. Kwa idadi hiyo kuna usiku ambao leba itafungwa au mkunga atakesha na kuingia kliniki asubuhi.

Kwa hiyo weka 5.09 mahali pa 3.13. Kliniki inabaki 3.30 × 1.25 = 4.13. Ongeza 0.50: 9.72, wauguzi 10. Andika namba zote mbili kwenye tasnifu: 8 kwa mzigo wa kazi, 10 kwa mzigo pamoja na ulinzi wa leba saa 24, na ueleze kwamba mkunga wa leba siku isiyo na mzazi anaweza kusaidia kliniki mchana. Ukitoa 10 bila maelezo utaulizwa. Ukitoa 8 peke yake, anayelipa ni mama atakayefika saa 9 usiku.

Kuipeleka inakotumika

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio ya ikama na mishahara hupangwa miezi mingi kabla. Tasnifu ikikamilika Mei, imechelewa kwa mwaka huo. Andaa ukurasa mmoja mapema kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Utumishi: waliopo, wanaohitajika, uwiano, kwa kila kituo na kila kada. Kama umechunguza vituo kadhaa, vipange kuanzia uwiano wa chini kabisa, ili hata kikitoka kibali cha watu 2 ijulikane wanapelekwa wapi. Ambatisha jedwali la muda wa kazi na saini za wauguzi walioukubali, kwa sababu swali la kwanza litakuwa dakika 40 zimetoka wapi.