Jinsi ya kumvuta robini bustanini na kumlisha

Kwanza tuelewane ni robini yupi, naongelea yule ndege wa Ulaya, kale kadogo ka sentimita 14 hivi kenye kifua ambacho ni rangi ya chungwa ila watu wote wanakiita chekundu, sio yule wa Marekani ambaye ni mkubwa zaidi na wala sio ndugu yake wa karibu. Huyu wa Ulaya ni mwepesi sana kumzoea mtu, na cha kumvutia ni udongo, usianze kuhangaika na vyombo vya chakula vya kuning'iniza.

Yaani chukua sepetu ulime kidogo. Huko porini ana tabia ya kufuata nguruwe mwitu wanapofukua ardhi ili adake wadudu wanaotoka, kwahiyo ukianza kugeuza udongo we ndo nguruwe wake. Lima sehemu ndogo, rudi nyuma hatua kadhaa utulie, utamwona anashuka kwenye kitawi cha chini, anainamisha kichwa pembeni kuangalia, anaruka chini anadonoa nyungunyungu halafu huyoo karudi juu, na akishakuzoea anakaa kabisa kwenye mpini wa sepetu uliyoichomeka. Majani makavu chini ya vichaka usiyafagie yote manake huko ndo wadudu walipo, na dawa za kuua wadudu achana nazo kabisa, huwezi kumwalika mgeni huku unamwagia chakula chake sumu.

Chakula anachopenda kuliko vyote ni funza wa unga, wale mabuu wanaouzwa kwa ajili ya ndege. Ukipata walio hai safi sana, ukipata wakavu waloweke kwenye maji kwanza, hasa msimu wa makinda. Kama huna, mpe jibini laini isiyo na chumvi nyingi uliyoikwangua, nafaka ya oti mbichi, mafuta magumu ya wanyama yasiyo na chumvi, au karanga zisizo na chumvi ulizozisagasaga. Zabibu kavu anazipenda pia ila kama una mbwa usiweke, kwa mbwa ni sumu. Maziwa hapana, mafuta yaliyobaki kwenye sufuria ya kuokea nyama hapana, yanagandia kwenye manyoya. Mkate haumuui ila hauna kitu.

Weka chini au kwenye kimeza kifupi, kidogo kidogo, kiasi cha kuisha siku hiyohiyo, manake kinacholala kinaita panya na magonjwa. Sahani osha mara kwa mara. Muda mzuri ni alfajiri na jioni kabla giza halijaingia, macho yake ni makubwa anaona vizuri kwenye mwanga hafifu, na usiku wa baridi kali anachoma mafuta mengi mwilini kwahiyo asubuhi anaamka na njaa ya hatari. Maji nayo weka kwenye kisahani kifupi, yakiganda toa barafu uweke mengine, usitie chumvi. Na paka! Sahani isibanane na kichaka, acha kama mita 2 hivi, awe na pa kukimbilia ila paka asipate pa kujificha na kumrukia.

Usitegemee kundi lakini. Huyu jamaa ana sura ya upole ila ni mgomvi balaa, kipindi cha baridi kila mmoja, dume au jike, analinda eneo lake peke yake, na wanapigana hata kuuana. Wakija wawili wakaanza vurugu weka sahani ya pili upande ambao hawaonani.

Ukitaka ale mkononi anza na sahani ya funza sehemu ileile, saa ileile, kila siku unakaa karibu zaidi kidogo, kisha weka mkono wazi pembeni ya sahani, mwisho sahani iondoe ubaki na mkono. Usimkodolee macho wala usimshike. Baridi ndo kipindi kizuri manake njaa inamtoa woga.

Kiboksi cha kiota kiwe wazi upande wa mbele, sio chenye katundu, kifiche ndani ya mmea unaotambaa, chini ya mita 2. Anaanza kujenga kuanzia mwezi wa 3 hivi, wakati mwingine kwenye birika kuukuu au kiatu ulichosahau nje. Ukikuta ameshataga usisogeze kitu. Mayai anayaatamia kama wiki mbili, makinda wanakaa wiki mbili nyingine, na wakitoka wana madoadoa ya kahawia bila wekundu wowote, usije ukadhani ni ndege mwingine ukamfukuza.