Kuchagua Bastola ya Kwanza ya Mtindo wa Zamani kwa Bajeti Ndogo

Mtu anayetafuta bastola yake ya kwanza ya mtindo wa zamani, ile yenye nyundo inayoonekana kwa nyuma, mwili wa feleji na mpini wa mbao, mara nyingi huwa ameshaipenda kabla hajaishika mkononi. Mapenzi hayo si kosa, lakini ndiyo yanayowafanya wengi wamalize fedha zote kwenye sura ya silaha na kukosa hata za kununulia risasi za kujifunzia. Nashauri hivi tangu mwanzo: chukua bastola ya ukubwa kamili, isiyo na mapambo, ambayo haijachezewa na mtu baada ya kutoka kiwandani, na fedha zitakazobaki zitumie kwa magazini (vibebea risasi vinavyoingizwa ndani ya mpini), risasi na mwalimu.

Suala la kibali limalizwe kabla ya kulipa chochote. Sheria ya mahali unapoishi huenda isiishie kwenye kuamua nani amiliki silaha, bali ikaamua pia kaliba (kipenyo cha risasi) gani inaruhusiwa na magazini ibebe risasi ngapi, na majibu hayo mawili yanaweza kukufutia nusu ya machaguo yako kabla hujafika dukani.

Bastola zinazostahili kufikiriwa kwa bajeti ndogo zinatoka katika koo tatu. Ya kwanza ni 1911, iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwezi Machi mwaka 1911, ambayo ilibaki kuwa bastola yake rasmi hadi mwaka 1985 ilipoipisha Beretta ya milimita 9. Hataza za muundo huo zilikwisha muda wake zamani, na kwa sababu hiyo viwanda vingi vinautengeneza bila kulipia haki ya muundo. Armscor ya Ufilipino, inayouza kwa jina la Rock Island Armory, pamoja na Tisaş na Girsan za Uturuki, zimeifanya 1911 ifikiwe na mtu wa kipato cha kawaida. Ukoo wa pili ni Hi-Power, ambayo Browning aliianza lakini akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, ikamaliziwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN nchini Ubelgiji na kutolewa mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13. Wa tatu ni CZ 75, kazi ya ndugu wawili wa Koucký wa Chekoslovakia, ambayo imenakiliwa na viwanda kadhaa, vikiwemo Tanfoglio ya Italia na Canik ya Uturuki.

Tofauti kubwa kati ya koo hizi iko kwenye kifyatulio, au triga kama wengi tunavyosema. Triga ya 1911 na ya Hi-Power ina kazi moja tu, yaani kuiangusha nyundo ambayo tayari imevutwa nyuma, na kwa hiyo mvuto wake ni mfupi na mwepesi. Wepesi huo humsaidia mwanafunzi kupiga shabaha vizuri mapema, lakini pia haumsamehe anayeweka kidole mahali pasipostahili. CZ 75 inaweza kutumiwa kwa namna hiyo hiyo, au ikaachwa nyundo yake ikiwa mbele ili triga yenyewe iivute nyuma na kuiangusha, kwa mvuto mrefu na mzito. Toleo lake la msingi halina kitufe cha kuishusha nyundo kwa usalama, na kuishusha kwa kidole huku risasi iko ndani ya chemba (mahali inapokaa tayari kupigwa) ni jambo ambalo anayeanza asilifanye kabisa. Hi-Power za asili nazo zina kizuizi kinachoifanya triga isifanye kazi magazini ikitolewa, na kizuizi hicho huongeza uzito wa mvuto. Kwa mtu anayenunua bastola moja ya kujifunzia kwenye uwanja wa shabaha, mimi ningemwelekeza kwenye 1911, kwa kuwa vipuri, ala za kuibebea na mafundi wanaoifahamu ni wengi kuliko wa bastola nyingine yoyote ya zama zake.

Kuhusu kaliba, .45 ACP ndiyo ya asili ya 1911. Kichwa chake kina uzito wa gramu 15 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 250 kwa sekunde. Kichwa cha kawaida cha milimita 9 kina nusu ya uzito huo, huenda kasi zaidi, na risasi zake kwa kawaida ni rahisi kwa bei. Ndani ya bastola ya feleji yenye uzito wa kilo moja na ushei, teke la milimita 9 ni dogo kiasi kwamba mkono hauchoki na jicho halipepesi kwa hofu. Wapo wanaoamini kwamba 1911 isiyo ya .45 si 1911, nami naelewa heshima yao kwa historia, lakini atakayepiga risasi nyingi za milimita 9 atajifunza mengi kuliko atakayepiga chache za .45 kwa gharama inayokaribiana.

Urefu wa mtutu usikushawishi upande wa udogo. Ukubwa kamili ni milimita 127, na matoleo mafupi hushuka hadi milimita 90 au chini ya hapo. Bastola fupi inapendeza mfukoni, lakini slaidi yake (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa) husafiri umbali mdogo na springi yake ni kali zaidi, hivyo muda wa kutoa ganda na kuingiza risasi mpya ni mfinyu, na dosari ndogo ya magazini au uchafu kidogo huikwamisha.

Utasikia pia mijadala kuhusu fremu iliyofuliwa na iliyomiminwa kwenye kalibu, na kuhusu vipuri vilivyotengenezwa kwa unga wa metali. Kwa matumizi ya anayeanza, yote hayo yanafaa yakitengenezwa vizuri.

Kinachostahili muda wako zaidi ni mkono wako mwenyewe. Shika mpini kama utakavyopiga, kisha, bastola ikiwa tupu na ikielekezwa mahali salama, tazama kama ncha ya kidole cha shahada inaifikia triga bila kuuzungusha mpini kiganjani. Jeshi la Marekani lililigundua tatizo hili baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na toleo la M1911A1 la miaka ya 1920 likapewa triga fupi zaidi kwa ajili ya mikono midogo. Tazama pia mkia ulio juu ya mpini: nakala za mtindo wa kijeshi zina mkia mfupi, na nyundo inaporudi inaweza kung'ata nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Vinundu vya kulengea vya mtindo huo navyo ni vidogo mno. Ukipata bastola ya bei hiyo hiyo yenye mkia mpana na vinundu vikubwa vinavyoweza kubadilishwa, ichukue hata kama haifanani kabisa na ya kwenye picha za zamani.

Bastola iliyotumika inaweza kuwa bahati njema au balaa. Yangu ya kwanza ilikuwa imesuguliwa ndani na mmiliki aliyetaka triga nyepesi, na siku moja nyundo ilianguka yenyewe nilipoachia slaidi. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye tuta la mchanga, na hilo ndilo lililoniokoa na majuto. Kwa hiyo omba ruhusa ya muuzaji, toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole, ndipo uanze kupima. Nyundo ikiwa nyuma, pandisha kufuli ya dole gumba na uvute triga kwa nguvu ya kiasi, nyundo isisogee. Achia triga, shusha kufuli, kisha ivute nyundo nyuma polepole huku ukisikiliza: ukisikia mlio mdogo wa kitu kujirudishia, kufuli haishiki sawasawa. Halafu shika mpini bila kuibonyeza kufuli iliyo mgongoni mwake, uvute triga. Hapo pia nyundo isianguke. Mwisho, angusha nyundo kwa triga na uendelee kuibana, vuta slaidi na uirudishe kwa mkono. Nyundo ibaki nyuma mpaka utakapoachia triga na kuivuta tena. Silaha inayoshindwa kipimo kimojawapo usiinunue kwa ahadi kwamba itarekebishwa.

Katika kugawa bajeti, tenga kwanza sanduku la chuma lenye kufuli, kinga ya macho na kinga ya masikio, kwa kuwa mlio wa bastola hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja tu. Kisha nunua magazini tatu au nne nzuri, maana kukwama kwingi kwa 1911 huanzia kwenye midomo ya magazini iliyopinda au springi iliyochoka. Mwalimu wa siku chache atakufaa kuliko mpini wa mbao ya thamani.

Siku ya kwanza uwanjani, safisha na upake mafuta kabla ya kupiga, kwa kuwa mafuta ya kiwandani mara nyingi ni ya kuzuia kutu tu. Ziandike magazini namba kwa kalamu isiyofutika, tumia risasi za kichwa cha mviringo zilizofunikwa shaba, na kila inapokwama andika namba ya magazini na idadi ya risasi zilizokwisha kupigwa. Kukwama kukifuata namba moja, tupa magazini hiyo. Kukitokea kwa zote hata baada ya risasi 200, irudishe bastola kwa muuzaji pamoja na daftari lako, na usikubali kuisugua mwenyewe kwa tupa ya chuma.